Mgonjwa Garini na Faini ya Mwendo Kasi

Leo katika safu yetu ya afya tunazungumza juu ya barabara. Huenda ukauliza, "Afya na barabara vinahusianaje?" Vinahusiana sana. Mgonjwa wa kijijini hafiki hospitali bila barabara. Tena barabara hiyo hiyo inaweza kumfanya mtu mzima kuwa majeruhi, au maiti, kwa dakika moja tu.

Wakazi wa Endasak, wilayani Hanang, wanalijua jambo hili. Kabla ya lami, gari lilitambaa katika vumbi wakati wa kiangazi. Wakati wa masika lilikwama katika tope. Siku hizi kuna lami kutoka Babati kwenda Singida. Basi linakimbia. Lori linakimbia. Pikipiki inakimbia. Lakini ng'ombe, punda, mbuzi na watoto wa shule bado wanaivuka barabara kwa mwendo wao wa zamani.

Sasa fikiria jambo hili. Dereva amembeba mgonjwa mahututi. Anakwenda mbio ili amfikishe hospitali. Njiani askari wa usalama barabarani anampiga tochi, yaani anampima mwendo kwa kile chombo chake. Dereva anasimamishwa. Anaandikiwa faini ya mwendo kasi. Je, anaweza kuipinga faini hiyo kwa sababu ya ugonjwa?

Jibu fupi ni hili: anaweza kujitetea. Lakini ugonjwa si kibali cha kukimbiza gari. Utetezi wake utasikilizwa ikiwa hatari ilikuwa ya kweli, na ikiwa ana ushahidi. Jibu refu linafuata. Tulisome polepole.

SHERIA INASEMA NINI?

Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani. Ilitungwa mwaka 1973, na leo ni Sura ya 168 katika Sheria za Tanzania. Sheria hiyo inasema kwamba mahali penye makazi ya watu gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Mabasi na malori makubwa yasizidi kilomita 80 kwa saa, hata nje ya makazi. Penye kibao cha namba nyingine, dereva hufuata namba ya kibao.

Je, magari yote hubanwa sawasawa? La. Gari la wagonjwa, gari la zimamoto na gari la polisi yana nafasi yake yakiwa katika kazi ya dharura. Ndiyo maana yana king'ora na taa ya kuwakawaka. Hata hivyo dereva wake hana ruhusa ya kugonga watu. Naye hapana budi awe mwangalifu.

Gari lako la kawaida halimo katika orodha hiyo. Teksi haimo. Bodaboda haimo. Kuwasha taa zote na kupiga honi njia nzima hakuligeuzi gari lako kuwa gari la wagonjwa. Kwa hiyo, ukipita kasi mahali pa kibao cha 50, askari ana haki ya kukusimamisha, hata kama nyuma yupo mgonjwa. Yeye haoni yaliyomo ndani ya gari. Anaona mwendo tu.

Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinampa askari uwezo wa kukuandikia karatasi ya kosa. Ukilikubali kosa kwa maandishi na kulipa faini, hupelekwi mahakamani. Usipolikubali, shauri linaweza kupelekwa mahakamani. Huko hakimu ndiye anayeamua, si askari.

Kwa miaka mingi faini hiyo imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja la gari. Mwaka 2021 Serikali iliipunguza kwa pikipiki na bajaji hadi shilingi 10,000. Kwa mkulima wa kunde na mahindi hizo si fedha za kuchezea. Ndiyo maana yafaa kujua haki yako, na kujua pia mipaka yake.

UKISIMAMISHWA NA ASKARI

Kwanza, simama. Usikimbie. Dereva anayemkimbia askari huongeza kosa juu ya kosa. Tena anawatia katika hatari wote waliomo garini, na mgonjwa akiwa wa kwanza.

Pili, sema ukweli mara moja, kwa maneno machache na kwa heshima. Tuseme mazungumzo yanakwenda hivi:

"Habari za kazi, afande?"

"Salama, mzee. Tochi inaonyesha ulikuwa kilomita 68 kwa saa. Hapa ni 50."

"Ni kweli, afande, nilikuwa kasi. Nyuma yuko mke wa mdogo wangu. Amejifungua nyumbani alfajiri na damu haikatiki. Tunampeleka Katesh. Tafadhali, mwangalie mwenyewe."

Askari anachungulia dirishani. Anamwona mama amelala mapajani mwa mkwewe, macho yamelegea, kanga imeloa damu.

"Nendeni. Lakini punguza mwendo, mzee. Huko mbele kuna ng'ombe wanavuka."

Angalia mambo mawili katika mazungumzo hayo. Dereva hakukana mwendo wake. Tena hakueleza hadithi ndefu. Alimwomba askari aone kwa macho yake. Askari naye ni mzazi, au ni mtoto wa mtu. Mara nyingi akiona mgonjwa wa kweli ataelewa.

Lakini tuseme askari huyo hakuelewa. Anasema lazima aandike. Hapo usibishane naye. Kila dakika ya ubishi ni dakika ya mgonjwa. Sema hivi: "Andika, afande, lakini naomba uandike pia kwamba nilikuwa na mgonjwa garini." Pokea karatasi. Angalia saa. Endelea na safari kwa mwendo wa sheria. Shauri la faini linaweza kungoja hadi kesho. Damu haingoji.

Jambo la tatu ni hili: usitoe kitu kidogo. Rushwa ni kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kadhalika, fedha uliyoitoa bila risiti haikuondolei kosa, wala haikupi ushahidi. Ukiombwa rushwa, unaweza kutoa taarifa kwa TAKUKURU kwa kupiga simu namba 113. Simu hiyo ni ya bure.

UKIFIKA HOSPITALI, KUMBUKA KARATASI

Mgonjwa akishapokewa na kuanza kutibiwa, kumbuka ushahidi wako. Mahakamani maneno matupu hayana nguvu. Karatasi ina nguvu.

Weka vitu vifuatavyo mahali pamoja:

1. Karatasi ya kosa uliyopewa na askari. Soma tarehe, saa, mahali na mwendo ulioandikwa.

2. Barua ya rufaa kutoka zahanati, kama mlipitia zahanati.

3. Kadi ya kliniki ya mama, au kadi ya matibabu ya mgonjwa.

4. Maandishi ya hospitali yanayoonyesha siku na saa mgonjwa alipopokewa, na hali aliyokuwa nayo. Mwombe mganga au muuguzi kwa adabu. Mwambie unayahitaji kwa ajili ya nini. Kumbuka kwamba habari za ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe, au ndugu anayemsimamia, lazima akubali.

5. Majina ya watu waliokuwa garini, ambao wanaweza kueleza walichokiona.

Unaona sasa faida ya kujua kusoma na kuandika? Asiyejua kusoma hubeba karatasi kama mzigo. Wewe unaisoma. Saa iliyoandikwa na askari na saa iliyoandikwa na muuguzi zinapofuatana, karatasi hizo mbili zinakuwa mashahidi wako.

Lakini jihadhari. Usitafute karatasi ya uongo. Kughushi cheti cha ugonjwa ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kubwa mno kupita faini ya barabarani. Mtu anayekimbia faini kwa cheti cha kughushi amekimbia mvua na kuingia mtoni.

KULIPA AU KUKATAA?

Kabla hujalipa, fikiri. Kulipa maana yake ni kukubali kosa. Ukishalipa, ni vigumu kurudi nyuma na kusema, "Sikuwa na kosa."

Njia ya kwanza ni kwenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Kwa Hanang makao makuu ya wilaya ni Katesh. Nenda na karatasi zako zote. Mweleze kwa utulivu. Mwombe alitazame upya jambo lako. Huenda akakusikiliza. Huenda akakwambia ulipe au uende mahakamani.

Njia ya pili ni mahakama. Hapo unasema wazi kwamba hukubali kosa, na unaomba shauri lako lisikilizwe na hakimu. Hiyo ni haki yako. Hakuna askari anayeweza kukulazimisha kukiri.

Hata hivyo ni vizuri ujue ukweli wote. Mahakamani kuna kungoja. Kuna nauli. Kuna siku za shamba zinazopotea. Tena ukishindwa, adhabu inaweza kuzidi ile faini ya barabarani. Kwa hiyo usiende mahakamani kwa hasira. Nenda kwa sababu una jambo la kweli na ushahidi wake.

Na kama huna fedha za wakili? Tangu mwaka 2017 nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria. Wako wasaidizi wa kisheria ambao huwaeleza wananchi haki zao bila malipo. Uliza katika ofisi ya kata au ofisi ya maendeleo ya jamii.

Jambo moja usifanye: usiifiche karatasi chini ya godoro. Kukaa kimya si kupinga. Deni linabaki katika namba ya gari, na linaweza kuongezeka. Siku utakaposimamishwa tena, utalikuta linakungoja.

HAKIMU ANATAZAMA NINI?

Hakimu atakuuliza maswali. Je, hatari ilikuwa ya kweli? Je, ilitokea ghafla? Je, ulikuwa na njia nyingine? Je, ulizidisha mwendo kidogo, au ulipita katikati ya watu kama mshale? Na hatari ilipokwisha, je, ulipunguza mwendo?

Hakimu anaweza kukuachia. Anaweza pia kukuona una kosa, lakini akakupunguzia adhabu kwa sababu ya ugonjwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni kuondolewa kosa. La pili ni kuhurumiwa. Yote mawili yanahitaji ushahidi.

Tutazame mifano miwili ya nchi za nje. Sheria za huko si zetu, lakini mifano hiyo inatufundisha namna mahakimu wanavyofikiri.

Mfano wa kwanza unatoka Uingereza. Mwaka 1999 Alex Ferguson, kocha wa timu ya mpira ya Manchester United, alishtakiwa katika mahakama ya mji wa Bury. Kosa lake halikuwa mwendo kasi. Wakati wa foleni alipita katika ukingo wa barabara kuu, mahali ambapo magari hayapiti ila kwa dharura. Alijitetea kwamba alikamatwa na tumbo la kuhara njiani, naye alikuwa anawahi choo. Watu wengi walicheka. Mahakama haikucheka. Ilikubali kwamba hiyo ilikuwa dharura, ikamwachia.

Mfano wa pili unatoka Ujerumani. Dereva mmoja alikamatwa kwa mwendo kasi. Alijitetea kwamba ana ugonjwa unaomzuia kuuzuia mkojo, naye alibanwa sana. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya mji wa Hamm haikukubali kumwondolea adhabu. Ilisema kwamba mtu anayeujua ugonjwa wake hana budi kuipanga safari yake. Aondoke mapema. Asimame njiani. Ugonjwa anaoujua kila siku hauwi dharura ya ghafla.

Umeona tofauti? Mmoja alishikwa ghafla. Mwingine aliujua ugonjwa wake tangu zamani. Hilo ndilo jambo kubwa. Ghafla husamehewa upesi kuliko uzembe.

DEREVA AKIWA YEYE NDIYE MGONJWA

Mfano huo wa Ujerumani unatuleta kwa dereva mwenyewe. Wako madereva wanaofikiri wakisema "Nilikuwa naumwa" basi wamepona. Wakumbuke kwamba maneno hayo yana makali pande zote mbili. Askari anaweza kuuliza, "Kama ulikuwa unaumwa, kwa nini uliendesha?"

Sheria ya Kanuni za Adhabu inasema kwamba mtu hawajibiki kwa kitendo kilichotokea bila hiari yake. Lakini sheria haimfuniki mzembe. Mtu aliyeanguka ghafla kwa mara ya kwanza maishani hayuko sawa na mtu anayejua kwamba huanguka kila mwezi, naye anashika usukani.

Mwenye kifafa ambacho hakijatulizwa na dawa asiendeshe gari wala pikipiki. Kifafa si laana, wala si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo, na una dawa. Katika eneo letu Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, imewatibu wenye kifafa kwa miaka mingi. Mwenye ugonjwa huo amwone mganga, ameze dawa kila siku, na aulize ni lini anaweza kuendesha, au kama asiendeshe kabisa.

Mwenye kisukari naye awe na hadhari. Akimeza dawa au akidunga insulini bila kula, sukari yake inaweza kushuka. Atatoka jasho. Atatetemeka. Ataona kizunguzungu. Mawazo yatavurugika, na mguu unaweza kukanyaga mafuta bila yeye kutambua. Akiona dalili hizo asimamishe gari kando. Ale sukari vijiko vitatu au vinne, au anywe soda yenye sukari. Angoje mpaka apate nafuu kabisa, kisha ale chakula. Kila dereva mwenye kisukari aweke sukari garini.

Dawa nazo zinaweza kulaza. Baadhi ya dawa za mafua na za kujikuna, kama Piriton, huleta usingizi. Kabla ya kumeza dawa yoyote muulize mganga, "Je, naweza kuendesha?" Ni swali fupi, lakini linaokoa watu.

HEBU TUPIGE HESABU

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Tuseme hospitali iko kilomita 30.

Ukienda kilomita 60 kwa saa, utafika kwa dakika 30.

Ukienda kilomita 80 kwa saa, utafika kwa dakika 22 na nusu.

Ukienda kilomita 100 kwa saa, utafika kwa dakika 18.

Kutoka 80 hadi 100 umepunguza dakika 4 na nusu tu. Umelipa nini kwa dakika hizo? Tutazame. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja linapita mita 14. Likienda 80, linapita mita 22. Likienda 100, linapita mita 28. Sekunde moja ni muda wa kushtuka tu, kabla mguu haujafika kwenye breki. Mtoto akitokea mita 20 mbele yako, kwa mwendo wa 100 umeshampita, au umeshamgonga, kabla hujaanza kufunga breki.

Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kibao cha 50 huwekwa penye nyumba, shule na mnada. Hakikuwekwa ili kumkomoa dereva.

Mgonjwa naye anaumia kwa mwendo huo. Gari linapoyumba na kuruka matuta, mfupa uliovunjika huchoma zaidi. Mgonjwa aliyezimia anaweza kutapika na kupaliwa. Na gari likipinduka, mgonjwa mmoja atakuwa wagonjwa watano.

DAWA INAYOSHINDA MWENDO

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumza juu ya kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Pili, kuchelewa kufika. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Dereva anayekimbia anapunguza kidogo tu kuchelewa kwa pili. Lakini familia nyingi hupoteza saa nyingi katika kuchelewa kwa kwanza. Baba hayupo, yuko machungani. Bibi anasema tungoje kidogo. Gari halijatafutwa. Fedha hazijapatikana. Saa sita zimepita nyumbani. Kisha dereva anaambiwa, "Kimbia!" Saa sita haziwezi kufidiwa kwa dakika 4 na nusu.

Kwa hiyo zijue dalili zinazotaka mgonjwa aondoke mara moja:

Mama mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, au anayepata degedege.

Mama mwenye uchungu wa kuzaa zaidi ya saa 12.

Mama aliyejifungua na damu haikatiki. Huyu anaweza kufa kwa saa 2 tu.

Mtoto anayepumua kwa shida, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyezimia.

Mtu aliyeumwa na nyoka, hata kama bado hajavimba.

Ukiona mojawapo ya hizo, usingoje kikao cha ukoo. Ondokeni.

Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, upo mpango wa m-mama. Serikali iliutangaza kwa nchi nzima mwaka 2022. Piga simu namba 115. Ni ya bure. Anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa eneo hilo aliyeandikishwa katika mpango, naye hulipwa na mpango, si na mgonjwa. Iandike namba 115 ukutani leo, kwa mkaa kama huna kalamu.

Tena mnaweza kujipanga kijijini. Mjueni mwenye gari na namba yake ya simu. Changeni mfuko mdogo wa dharura katika kikundi chenu. Mama mwenye mimba achague mapema atazalia wapi na nani atamsindikiza. Kama anaishi mbali na barabara, siku zake zikikaribia ahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya.

Na njiani msaidieni mgonjwa. Aliyezimia alazwe ubavu, ili asipaliwe. Jeraha linalotoka damu libanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Mwenye degedege msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Aliyeumwa na nyoka asitembee. Mguu wake utulizwe kwa kijiti na kitambaa. Msimchanje, wala msimnyonye sumu. Kisha mpigieni simu mganga wa hospitali, ili awe tayari kabla hamjafika. Simu hiyo inaokoa dakika nyingi kuliko mwendo wa 100, na haina faini.

Ndugu msomaji, haki yako ya kujitetea ni ya kweli. Ukiandikiwa faini nawe ulikuwa na mgonjwa mahututi, usiogope. Shika karatasi zako. Sema ukweli. Hakimu yupo kwa ajili hiyo. Lakini iliyo bora ni safari iliyoanza mapema, kwa mwendo wa kibao, ambayo haikuhitaji hakimu wala jeneza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gari la kawaida lenye mgonjwa halihesabiwi kuwa gari la wagonjwa?

2. Taja karatasi tatu ambazo dereva anapaswa kuziweka kama anataka kupinga faini.

3. Kuna tofauti gani kati ya mtu anayeshikwa na ugonjwa ghafla na mtu anayeujua ugonjwa wake?

4. Hospitali iko kilomita 40. Utafika kwa dakika ngapi ukienda kilomita 80 kwa saa?

5. Katika kijiji chenu, mama akitoka damu usiku wa manane, nani ana gari, nani ana namba yake, na nani atamsindikiza? Jibuni leo, kabla usiku huo haujafika.